Tuhesabu pia miaka ambayo mgonjwa hamezi dawa

Machi 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jaribio lililoitwa BELLINI. Wagonjwa wa mieloma, saratani inayoanzia kwenye uboho, walikuwa wameongezewa venetoclax, dawa inayozuia BCL-2, protini inayoilinda seli isife, juu ya dawa zao za kawaida. Kati ya 194 waliopewa venetoclax, 41 walikuwa wamefariki, yaani asilimia 21.1. Kati ya 97 waliopewa kidonge kitupu walikuwa wamefariki 11, asilimia 11.3. Linalouma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa inafanya kazi yake: katika kundi lililoipata, saratani ilidhibitiwa kwa zaidi ya miezi 22, na katika kundi la pili kwa miezi 11 na nusu hivi. Ugonjwa ulirudi nyuma huku vifo vikiongezeka, na maambukizi yakawa chanzo kikubwa cha vifo vilivyotokea wakati wa matibabu.

Wanaozitilia shaka dawa za kundi hili, zinazozizuia protini za kuilinda seli isife, huanzia hapo, na hawakosei kuanzia hapo. Protini zinazoamua lini seli ife hazikuumbwa kwa ajili ya saratani. Kila tishu inazo, kila tishu inazitegemea, kwa hiyo anayezizuia anagusa pia mwili mzima wenye afya. Hoja hiyo ina ushahidi wake. Navitoclax, dawa iliyotangulia venetoclax, ilizuia BCL-2 pamoja na ndugu yake BCL-XL, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikashuka tangu dozi za kwanza, kwa sababu BCL-XL ndiyo inayozipa chembe hizo umri wao wa takriban siku kumi. MCL-1, mwingine wa ukoo huo, hulinda misuli ya moyo. Panya walioondolewa jeni hiyo moyoni walikufa kwa moyo kushindwa kazi. Watafiti walipowapa wagonjwa vizuizi vya MCL-1, dalili za madhara kwenye moyo zilijitokeza, na mwaka 2019 FDA ikasimamisha jaribio la dawa ya kampuni ya Amgen iliyoitwa AMG 397.

Orodha hiyo ni ya kweli yote. Ninapotofautiana nao ni katika kuisoma. Husomwa kama ushahidi kwamba wazo zima la kuifanya seli ya saratani ijiue ni bovu. Mimi naiona inatuonyesha ni tishu gani inamtegemea mlinzi gani, na venetoclax yenyewe ilizaliwa kutokana na kusoma kosa la navitoclax kwa namna hiyo.

Mwaka 1988 huko Melbourne, David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams walionyesha kwamba BCL-2 haiisukumi seli kuzaana. Inaizuia kufa. Wakati huo karibu kila jeni ya saratani iliyojulikana ilikuwa ya kuharakisha ukuaji, kwa hiyo ugunduzi huu ulifungua njia nyingine kabisa ya kuuelewa ugonjwa. Katika leukemia sugu ya limfosaiti, saratani ya chembe nyeupe za damu inayokwenda polepole, seli hujaa BCL-2, ambayo huzikamata protini kama BIM zinazobeba amri ya kifo. Venetoclax huingia kwenye mfereji uleule ambamo BIM imeshikwa, BIM inaachiliwa, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zinatobolewa, seli inakufa. Ili kuziokoa chembe sahani, wakemia walihitaji molekuli inayoitambua BCL-2 na kuiacha BCL-XL. Walisaidiwa na tofauti ya amino asidi moja tu katika mfereji huo. Matokeo yalichapishwa 2013, na Aprili 2016 FDA ikaidhinisha dawa hiyo kwa wagonjwa wa leukemia hii waliopoteza kipande cha kromosomu ya 17, kundi ambalo tibakemikali za kawaida zilikuwa zikilisaidia kwa uchache sana.

Mijadala mingi huishia kwenye asilimia za waliopata nafuu. Kwangu jambo kubwa zaidi ni kwamba matibabu haya yana mwisho.

Katika jaribio la CLL14, wagonjwa 432, wengi wao wazee wenye maradhi mengine pia, walipewa obinutuzumab, kingamwili inayoshambulia seli hizo, pamoja na venetoclax au pamoja na chlorambucil, tibakemikali ya zamani. Mizunguko ilikuwa 12, mwaka mmoja hivi, kisha dawa zikasimamishwa kwa wote. Miaka sita tangu kuanza, asilimia 53 ya waliopata venetoclax walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Nusu yao walipita miezi 76 kabla ya ugonjwa kurudi au kifo kutokea. Tuitazame namba hiyo vizuri. Miezi 76 ukitoa 12 ya matibabu inabaki 64, zaidi ya miaka mitano ambamo mzee wa miaka sabini na kitu hana kidonge cha saratani mezani. Linganisha na ibrutinib, dawa nzuri iliyookoa wengi, lakini kwa kawaida humezwa kila siku hadi ugonjwa uishinde au madhara yamshinde mgonjwa, na miongoni mwa madhara hayo ni mapigo ya moyo kwenda kombo na kuvuja damu. Dawa ya namna hiyo huinyima seli ishara inazozihitaji ili kuishi na kuzaana, na zinazosalia zinasubiri uiache. Venetoclax inapofanikiwa huziua hadi zisionekane kwenye kipimo: katika CLL14, robo tatu ya walioipata hawakuonekana na hata seli moja ya saratani katika kila seli 10,000 za damu zilizopimwa baada ya matibabu.

Kusimama kuna faida nyingine isiyozungumzwa vya kutosha. Mwaka 2019 watafiti wa Australia waliripoti badiliko la BCL-2 liitwalo Gly101Val, linaloifanya dawa ishindwe kujishikiza vizuri. Walilikuta kwa wagonjwa 7 kati ya 15 ambao ugonjwa ulikuwa umerudi wakiwa bado wanaimeza, na lilianza kuonekana baada ya miezi 19 hadi 42 ya matibabu. Shinikizo la miaka mingi linazipa seli sugu muda wa kujichagua. Anayeacha dawa katika mwezi wa 12 hazipi nafasi hiyo, na ndiyo maana ugonjwa ukirudi, mara nyingi venetoclax ileile inafaa tena.

Wakosoaji wana jibu, na halipaswi kupuuzwa. Katika CLL14, pamoja na miaka yote hiyo ya utulivu, tofauti ya vifo kati ya makundi mawili haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Wenye kasoro ya TP53, jeni inayoukinga mwili dhidi ya saratani, hurudiwa na ugonjwa mapema zaidi. Nami nakubali kwamba utulivu si tiba kamili. Lakini waliopewa chlorambucil ugonjwa ukarudi wangeweza baadaye kutibiwa kwa dawa mpya, pengine hata venetoclax, na hilo linapunguza tofauti ya vifo bila kupunguza thamani ya miaka waliyoishi wenzao bila matibabu. Tena katika jaribio la MURANO, la wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umesharudi, tofauti ya uhai ilionekana wazi: baada ya miaka mitano walikuwa hai asilimia 82 ya waliopata venetoclax na rituximab, kingamwili nyingine, dhidi ya 62 ya waliopata tibakemikali na rituximab.

Kwenye leukemia kali ya mieloidi, saratani ya damu inayokwenda kasi, sifa zangu zinapungua. Katika jaribio la VIALE-A, kuongeza venetoclax juu ya azacitidine, tibakemikali nyepesi, kulirefusha maisha kutoka miezi 9.6 hadi 14.7 kwa watu wasioweza kustahimili tibakemikali nzito, na hilo ni jambo kubwa. Ila huko matibabu hayana tarehe ya mwisho, na homa pamoja na upungufu wa chembe nyeupe viliwapata asilimia 42, dhidi ya 19 ya waliopata azacitidine peke yake. Katika uvimbe wa matiti, mapafu au utumbo dawa hizi bado hazijapata nafasi.

Kuhusu mieloma kwenyewe, watetezi walisema BELLINI ilichukua wagonjwa wa kila aina, na kwamba wenye badiliko la kromosomu 11 na 14 ndio wanaoitegemea BCL-2. Lilikuwa wazo zuri. Jaribio la CANOVA likawachukua hao tu, na ugonjwa ulidhibitiwa kwa miezi 9.9 dhidi ya 5.8, tofauti ambayo haikutosha kitakwimu. Anayezitetea dawa hizi na kuinyamazia CANOVA anaudhulumu upande wake mwenyewe.

Kwa hospitali za Afrika Mashariki nguvu ya dawa hii ina sharti lake. Seli nyingi zikifa kwa pamoja humwaga potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki kwenye damu, figo zinazidiwa, moyo unaweza kusimama. Madaktari waliotibu limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga inayokua kwa kasi, nchini Uganda na Kenya wanaijua hatari hiyo tangu zamani. Wagonjwa wawili wa venetoclax walifariki hivyo katika majaribio ya mwanzo, na mwanzoni mwa 2013 majaribio yakasitishwa kwa muda. Tangu hapo leukemia sugu ya limfosaiti huanzishiwa miligramu 20, zikipanda kwa wiki tano hadi 400, na damu inapimwa saa chache baada ya dozi za mwanzo na tena kesho yake. Tukiidai dawa bila maabara inayotoa majibu siku hiyohiyo, tutarudia vifo ambavyo dunia ilishajifunza kuvizuia. Lakini kozi ya mwaka mmoja au miwili inapangika: mfuko wa bima au programu ya msaada inaweza kuihesabia gharama hadi mwisho. Dawa ya kumezwa maisha yote haina hesabu hiyo.

Kwa BCL-XL na MCL-1, sasa watafiti wanajaribu kuzilenga bila kugusa tishu zinazozitegemea. DT2216, dawa ya majaribio, haizuii tu BCL-XL bali huipeleka ivunjwe, ikitumia VHL, protini ambayo ni haba sana kwenye chembe sahani. Kwa upande wa moyo, swali ni kama MCL-1 inaweza kuzuiwa kwa muda mfupi kiasi cha kuua seli za leukemia kabla misuli ya moyo haijaumia. Majaribio hayo yaendelee, kwa masharti mawili: vifo vihesabiwe mapema kama BELLINI ilivyolazimisha, na tangu siku ya kwanza mpango useme dawa itasimama lini.