Grafini na saratani: mimi matumaini yangu yako chumba cha upasuaji

Kila baada ya muda inazuka habari kwamba grafini imeua saratani. Isome mpaka chini, utakuta aliyepona ni panya.

Sisemi ni uongo. Grafini ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliubandua kwenye grafiti, ile kaboni ya ncha ya penseli, kwa selotepu mjini Manchester, wakautangaza 2004, na 2010 wakapata Nobeli ya Fizikia. Kwa kuwa kila atomu yake iko nje, gramu moja ikitandazwa ina eneo la takriban mita za mraba 2,600, kwa hiyo dawa za saratani kama doksorubisini hunata juu yake kwa wingi. Mwaka huohuo wa 2010, kundi la Zhuang Liu nchini China liliwadunga panya vipande vya grafini vilivyovikwa polima, likamulika uvimbe kwa leza ya nanometa 808, grafini ikapata joto, na joto hilo likauunguza.

Ila uvimbe wa panya wale uko chini ya ngozi tu. Wa kongosho la binadamu umejificha ndani, na mwanga huo hufifia haraka ukipita kwenye nyama. Halafu kuna safari yenyewe ya kupita kwenye damu mpaka kwenye uvimbe. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walipitia tafiti za miaka kumi za chembe za nano (chembe ndogo mno, kama vipande hivyo vya grafini) za aina nyingi, wakakuta kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndiyo inayofika kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na wengu. Sasa kitu kisichooza upesi kikikaa kwenye ini miaka na miaka, nani ataweka sahihi kuruhusu binadamu adungwe? Afadhali fosforasi nyeusi, utando mwingine mwembamba kama grafini, ambayo huvunjika ikawa fosfati, nayo mwili unaijua. (Tatizo, hiyo huanza kuharibika hata kabla ya kudungwa, ikipata hewa na maji.)

Fedha za utafiti zingekuwa zangu, ningezipeleka kwingine. Mwaka 2024, huko Salford, Uingereza, madaktari waliweka elektrodi (vipokea umeme) za grafini juu ya ubongo wa mgonjwa wakimtoa uvimbe. Nia ni zisome umeme wa ubongo na kumsaidia mpasuaji kujua wapi pazima, wapi pana saratani. Hapo utando hausafiri kwenye damu wala haukutani na ini. Unawekwa kwa mkono, unafanya kazi yake, unatolewa kabla fuvu halijafungwa.