Waacheni waandike kilomita zao

Kuna mwandishi mmoja anayesema wakimbiaji wa kujifurahisha wanaoweka mitandaoni mazoezi yao ya wikendi wanatafuta sifa tu. Sikubaliani naye hata kidogo. Asome wanachoandika: mtoto amekesha na homa, zamu ya usiku imeisha alfajiri, ndipo mtu akafunga kamba za raba akakimbia kilomita 8 badala ya 15 alizopanga. Mwenzake anamjibu, "Zinatosha, kalale." Huo ni ushauri wa maana sana, kwa sababu mwili hujijenga unapopumzika.

Ombi langu ni moja: tuandike pia mbio za polepole, zile ambazo unaongea sentensi nzima bila kuhema. Ndizo zinazojenga pumzi, na hata wanaojiandaa kwa kilomita 42.195 za marathoni hukimbia hivyo sehemu kubwa ya wiki. Anayeanza akiona kasi za wenzake peke yake, naye huongeza mwendo upesi. Moyo na mapafu huzoea mapema, lakini kano na mifupa huchelewa, basi goti au kisigino kinaanza kuuma. Na nyinyi mnaotembea katikati ya mbio, andikeni, tunawasoma kwa furaha.