Malikale hupotea mezani kabla jembe halijagusa udongo

Kamati nyingi zinazopanga njia za miguu hazianzi na malikale, yaani vitu na mahali pa kale; huanza na mandhari: watu wapumzike wapi, wapige picha wapi, daraja likae wapi. Ramani ikishakamilika na bajeti kupitishwa, ndipo mwanaakiolojia anaitwa aje kutia saini. Kufikia hapo kazi iliyobaki kwake ni kuorodhesha hasara. Msimamo wangu ni kwamba ukaguzi wa malikale utangulie mstari wa njia kwenye ramani, na gharama yake iwe fungu la kwanza katika bajeti.

Mahali panapofaa kupitisha njia leo ndipo palipowafaa watu wa kale: mgongo wa kilima usiotuamisha maji, kingo za mto zilizoinuka, chemchemi, miamba yenye kivuli. Njia ikimpendeza mtembezi, kuna uwezekano mkubwa imepita juu ya vigae vya vyungu, zana za mawe au makaburi. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani, navyo vina mahali pake. Tafuta miamba ya mashapo, yaani mawe ya chokaa, ya mchanga na ya tope, pamoja na tabaka za majivu ya volkano. Kwenye itale (graniti) usitarajie kisukuku. Ramani ya jiolojia hukuambia hayo kabla hujatoka ofisini. Wazee wanaoishi jirani watakuambia yasiyo kwenye ramani yoyote, hasa makaburi na mahame.

Basi anza na ukanda mpana. Mita 30 kila upande wa njia unayoifikiria ni kipimo kizuri cha kuanzia, kwa sababu ukikuta kitu utakuwa na pa kukwepea. Watu watembee sambamba, wakiachana mita 5 hadi 10, wakati nyasi zimekauka au mvua imetoka kuosha uso wa udongo. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, vivuli huonyesha matuta ya kuta zilizofukiwa ambayo saa sita mchana hayaonekani. Kila kinachoonekana kipigwe picha kikiwa na rula kando yake, mahali pake paandikwe, kisha kiachwe palepale, maana kigae kilichotiwa mfukoni hakisemi tena kilitoka tabaka gani. GPS ya simu chini ya miti minene huweza kupotea kwa mita 10 au zaidi, kwa hiyo ongeza umbali wa kupima kutoka kwenye mwamba au alama isiyohama. Na pale majani yalipofunika ardhi, kusema “hatukuona kitu” hakuthibitishi lolote. Wenye kibali wachimbe vishimo vya majaribio na kuchekecha udongo wake.

Kukwepa ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote, ila mzunguko ukiwa mrefu mno watu watakata kona, na njia ya mkato itapita katikati ya kile ulichokikwepa. Tumia mteremko, vichaka na mawe makubwa kuficha mkato huo.

Njia yenyewe mara nyingi haina hatia. Waharibifu wakubwa ni vitu vinavyoandamana nayo: maegesho, choo, ghala la vifaa, shimo la kuchotea kifusi, nguzo ya kibao iliyozikwa sentimita 60 katikati ya jalala la kale. Mafundi nao hupenda mawe yaliyokwisha kuchongwa, na ukuta wa gofu hugeuka ngazi kwa siku moja. Hivi vyote vikaguliwe pamoja na njia.

Ikishindikana kabisa kukwepa, usichimbe; inua. Tandaza jiotekstaili, yaani kitambaa imara cha kutenganisha tabaka za udongo, juu ya ardhi, kisha weka sentimita 20 hadi 30 za udongo safi wenye rangi tofauti, ili atakayechimba miaka ijayo ajue mpaka uko wapi. Udongo huo uchekechwe, usiwe na mbegu. Huko Laetoli, Tanzania, nyayo za watangulizi wa binadamu zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6 zilifukiwa mwaka 1979 kwa mchanga uliobeba mbegu za migunga. Miti ikaota na mizizi ikaanza kutishia nyayo zenyewe, hadi ikabidi zifukuliwe upya, zitibiwe na kufunikwa tena katika miaka ya 1995 na 1996.

Maji ni adui wa pili. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mteremko inaoukata, la sivyo njia yenyewe inakuwa mfereji. Halafu angalia kila mtaro unamwaga wapi. Mtaro uliojengwa vizuri sana lakini unaomwaga juu ya tabaka lenye visukuku utalimomonyoa haraka kuliko miguu ya watembezi. Penye michoro ya miambani tatizo ni vumbi: imarisha uso wa njia, isogeze mbali na ukuta, na usiruhusu mtu kugusa.

Ramani ya hadharani isionyeshe nukta za mahali vitu vya kale vilipo, isije ikawaelekeza wezi. Picha za simu hubeba mahali zilipopigwa, kwa hiyo zisafishwe kabla ya kusambazwa. Kibao cha maelezo kikae mwanzoni mwa njia, isipokuwa eneo limeandaliwa na lina mlinzi.

Wakati wa ujenzi, kitu kikijitokeza kazi isimame hapo. Kisioshwe, kisisuguliwe, kisipakwe gundi; kifunikwe kwa kitambaa na udongo laini, na mamlaka ya malikale iitwe. Mifupa ya binadamu huanzia polisi. Hata hivyo mfanyakazi anayelipwa kwa mita alizochimba ana kila sababu ya kufukia alichokiona, kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba saa za kusimama zinalipwa sawa na saa za kuchimba, na jina la wa kumpigia simu liandikwe ukurasa wa kwanza.