Simu Imeokoka, Mwenye Bando Ndiye Bado

Jamani mimi sio adui wa teknolojia, niseme mapema kabla vijana hawajaanza kuniita mzee wa zamani. Simu inasaidia. Biblia iko ndani, fizi za skulu, yaani karo, zinalipwa mtu akiwa amekaa kwa kiti, yaka, ule umeme wa kulipia kabla, inanunuliwa saa tano za usiku bila kuvaa viatu, na mama yangu kule kijijini anapata ya sukari kabla hata hajamaliza kulalamika. Sikatai. Kinachonichosha ni kwamba kila kitu cha msaada kikiingia kwa hii nyumba, kila mtu anapata raha yake halafu mimi napata bili. Mama watoto anapata mahubiri, watoto wanapata katuni, kanisa linapata sadaka, serikali inapata asilimia 12 yake kwa kila bando tangu Julai 2021, na mimi napata meseji ya kuniambia bando limekwisha.

Na sisi wa hapa Busia ndio tunaumia zaidi, maana simu zetu hazijui mpaka uko wapi. Mimi nimekaa kwangu, upande wa Uganda, viatu nimevua, chai iko mbele yangu, simu inaniandikia karibu Kenya. Karibu Kenya kufanya nini? Wakubwa walikuja kufungua kile kituo cha pamoja cha mpakani mwaka 2018 ili watu wavuke haraka, sawa, tulipiga makofi, lakini hii simu haipitii hata pale, inavuka ikiwa chini ya mto wa kulalia. Ikishavuka bando la huku haliendi tena, inabidi nitoke niende nyuma ya nyumba kwenye mwembe, hapo ndio netiwaki ya nyumbani inashika, na lazima niiname kidogo nigeukie ukuta. Jirani mmoja akaja kumsifu mama watoto, ati mzee wako bambi ni mtu wa maombi sana, kila alfajiri tunamuona chini ya mwembe ameinamisha kichwa. Mama watoto akaniangalia. Mimi nikaendelea kula.

Ukitaka kujua haya mambo yalianzia wapi, ni lockdown. Shule zilifungwa Machi 2020 na zikaja kufunguka kabisa Januari 2022, hebu fikiria, mtoto aliyekuwa anajifunza kuandika jina lake anarudi darasani sauti imeanza kukwaruza. Huo muda wote walimu wanatuma kazi kwa WhatsApp, na WhatsApp iko kwa simu ya nani? Ya baba. Basi ikaitwa simu ya masomo, na kitu kikishaitwa cha masomo kwa nyumba ya Muganda au Msamia au Mteso huwezi kukinyang'anya, utaonekana wewe ndio unaua kesho ya watoto. Makanisa nayo yakafungwa, ibada ikahamia kwa simu ile ile. Nakumbuka Jumapili moja pasta ameinua mkono, mdomo wazi, macho juu, kimya. Tukangoja. Mama watoto akaanza kulia akisema upako umeshuka, kitinda mimba akapiga magoti, mimi nikaona kale kaduara kanazunguka katikati ya skrini nikajua huu upako unataka megabaiti. Nikanyamaza, unaanzaje kumkatiza mtu anayelia mbele za Bwana kumwambia ni netiwaki.

Lockdown ikaisha, simu haikurudi kwangu.

Sasa njoo kwa ibada ya jioni hapa nyumbani. Zamani kulikuwa na Biblia moja, ile nyeusi, ilikaa juu ya kabati na aliyekuwa na urefu wa kuifikia ni mimi. Nikisema imeandikwa, basi imeandikwa, nani angebisha. Siku hizi kila mtu ana Biblia yake ya kidijitali, Kiswahili iko, Luganda iko, Kiingereza cha kila aina, na mbaya zaidi ina kile kisehemu cha kutafuta. Unaandika neno moja, aya zote zinakuja mbio. Hicho kitu kimeharibu mamlaka ya wazazi wa Kikristo, na wala sijasikia kiongozi yeyote wa dini akiligusa.

Mzee mmoja wa kanisa letu alikuja hapa kwa feloshipu. Mtu wa heshima, koti, kalamu mbili mfukoni. Tumempa chai na chapati, akaanza kuwashauri watoto kuhusu bidii. Akasema, wanangu, Biblia inasema Mungu humsaidia anayejisaidia. Wote amina. Binti yangu wa P.6, darasa la sita, kichwa chini, kidole kinaenda. Nikajua. Nikamkanyaga mguu lakini nikakosea nikamkanyaga mama yake. Binti akasema kwa adabu kabisa, babu, hiyo haiko. Mzee akacheka, akasema iko mjukuu wangu, tafuta kwa Mithali. Nimetafuta kwa Biblia yote babu, haiko. Haya, mzee akamumunya chapati akahamia pengine, akasema basi shika hili, fedha ni shina la mabaya yote. Binti hata hakungoja, akasema hapana babu, ni kupenda fedha, Timotheo wa kwanza, sita kumi, niwasomee? Mzee akaweka kikombe chini. Akajaribu mara ya mwisho, ati usafi ni jirani wa utauwa, na nikaona kidole cha mtoto kimeanza tena. Hapo mzee akakumbuka kuna mgonjwa anatakiwa kumuona. Aliacha chapati nusu, na mtu anayeacha chapati kwa nyumba ya mtu ameumia kwelikweli.

Alipoondoka nikaichukua ile simu. Binti akasema baba, Waefeso sita nne, nanyi akina baba msiwachokoze watoto wenu. Nikamwambia panda juu mistari mitatu usome ya kwanza, enyi watoto watiini wazazi wenu. Akasoma, akasema imeandikwa katika Bwana, na Bwana anajua kwamba hilo bando ni la wiki na leo ni Jumanne tu. Huyu ndio mtoto ninayemlipia fizi.

Halafu kuna jambo la VPN, ile programu ya kuificha simu isijulikane iko wapi, ambalo linanisumbua kiroho na hakuna wa kuniuliza. Kwanza ilikuja 2018, ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku, OTT, vijana wakatufundisha kujificha. Hata kabla haijatolewa, Januari 2021 siku za uchaguzi Facebook ikafungwa hapa kwetu, na kwaya yetu video zake zote zinawekwa Facebook. Sasa Jumapili jioni muumini anataka kujiona alivyoimba, inabidi kwanza aiambie simu yake kwamba yeye hayuko Busia, yuko Uholanzi. Kanisa zima linahamia Uholanzi. Mama watoto yuko Uholanzi, wazee wa kanisa wako Uholanzi, pasta mwenyewe aliyetufundisha Warumi 13 ya kutii mamlaka anaweka amina kwa picha akiwa Uholanzi. Nikauliza kwa feloshipu, jamani hii si ni kudanganya? Kimya. Mama mmoja akasema hata Ibrahimu alisema Sara ni dada yake. Nikakosa la kujibu, maana na hilo binti yangu alilitafuta akalikuta.

Grupu za WhatsApp sitaki kuziongelea sana nitapandisha presha. Kuna grupu la kanisa, la wazazi wa P.6, la wazazi wa S.2, yaani sekondari mwaka wa pili, la ukoo, la harusi ya mtu nisiyemjua, na la mabugo, ile michango ya msiba, ambalo lilianzishwa kwa msiba mmoja mwaka juzi na halijawahi kufa, linapokea misiba mipya tu. La wazazi ndio kiboko, mwalimu anaweka orodha ya vitu vya kupeleka skulu, mifagio, sukari, karatasi za chooni, rimu za karatasi, na chini wazazi wote wanaandika tumepokea mwalimu, asante mwalimu, ubarikiwe mwalimu, hakuna hata mmoja anayeuliza kwa nini mtoto mmoja anafagia na mifagio mitatu kwa muhula. Na mimi pia niliandika ubarikiwe mwalimu. Ungeandika nini na wewe, mtoto wako yuko mikononi mwao.

Anayefaidi teknolojia kwa hii familia bila kuniudhi ni mama yangu mzazi. Macho yamepungua, kwa hiyo tulimnunulia kile kiredio kidogo cha sola chenye memori kadi, Biblia nzima inasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, maana yeye Kiswahili alikipata kambini, marehemu baba alikuwa askari. Watu wengi wakifika kitabu cha Hesabu wanaruka, majina ni mengi, fulani mwana wa fulani. Mama ndio anapenda hapo. Anasema hao ni wanaume kuanzia miaka ishirini wanahesabiwa kabila kwa kabila kwa ajili ya vita, hiyo ni paredi, na paredi huwezi kuruka. Anakaa kwa mkeka anaitikia majina. Asubuhi anakiweka kiredio juani pamoja na mihogo, jioni kinaongea. Hakuna bando, hakuna tokeni ya yaka yenye namba 20 unazoingiza ukikosea moja unaanza upya na kila mtu gizani anakusomea za kwake. Shida ni kwamba akitaka kusalimia anabip mara moja na kukata, na usipopiga haraka anapigia dada yangu kumwambia nimekuwa Mzungu.

Mwezi uliopita alikuja hapa kwa ajili ya matibabu ya macho. Binti akaona amsaidie bibi yake, akachukua simu yangu, akabonyeza vile vitufe viwili vya sauti kwa pamoja akavishikilia, simu ikaanza kuongea. Kila unachogusa inakisoma. Bibi akafurahi, aguse hapa, aguse pale, sauti ya mwanamke wa Kizungu inamjibu. Wakacheza mpaka wakalala. Hakuna aliyekumbuka kuizima na hakuna aliyekumbuka kuniambia.

Jumapili nikaenda nayo kanisani. Wakati wa neno nikaitoa nifungue Biblia, nikagusa skrini, mwanamke akasema saa kwa sauti ya juu. Nikashtuka, nikagusa tena, akataja grupu la mabugo, meseji arobaini hazijasomwa. Mama watoto akageuka, akauliza kwa sauti ya chini ile inayotisha, ni nani huyo. Nikamwambia ni simu. Akasema najua ni simu, nani yuko kwa simu. Najaribu kuizima haizimiki, maana ikiwa hivyo kugusa mara moja ni kusoma tu, mpaka uguse mara mbili ndio inafanya, sasa mimi hayo nayajua wapi, naitelezesha kidole haitelezi, inasoma tu. Nikaikalia. Huko chini bado anaongea, na sasa hata sijui namgusa wapi.

Nikashukuru walipoanza kuimba. Lakini siku hizi sadaka kwetu ni kwa mobail mani, namba imeandikwa ukutani, kikapu kinapita kwa ajili ya watoto na wazee tu. Kijana wa mapokezi amesimama karibu yangu anatabasamu, akaona nahangaika, akanisaidia kugusa mara mbili mara mbili mpaka tukafika mwisho. Nikatuma elfu mbili. Wimbo nao ukaisha palepale, unajua ile kimya ya kabla pasta hajaomba, na mwanamke wangu akaitumia vizuri. Akasoma meseji yote. Kwamba nimetuma shilingi 2,000 kwa kanisa, makato ni kiasi fulani, na salio langu ni shilingi 386,400. Kwa Kiingereza safi, tarakimu kwa tarakimu, hadi wa nyuma walisikia. Mama watoto ambaye Ijumaa nilimwambia sina hata ya nyanya alifunga macho kama anaomba lakini hakuwa anaomba.

Nje baada ya ibada yule mzee wa chapati ndio alikuwa wa kwanza kunifikia. Yuko kwa kamati ya jengo. Akanishika mkono hakuuachia, akasema ndugu, tumesikia Bwana amekutendea. Nikamwambia mzee, zile ni fizi, muhula unafunguliwa wiki ijayo, S.2 peke yake inameza zote. Akasema usiogope, wewe toa, imeandikwa mkono utoao ndio upatao. Nikamuita binti yangu aje atafute.