Watoto wadogo wapelekwe pwani maji yakiwa yamekupwa

Kila Desemba jamaa zetu wa bara hushuka kwetu Miritini, Mombasa, na watoto wao, na kabla hawajamaliza chai wameshatusomea ratiba ya kesho. Asubuhi Fort Jesus, kisha Haller Park, mchana ufukwe wa Pirates kuogelea, jioni feri ya Likoni, usiku bustani ya Mama Ngina. Yote siku moja, na kitinda mimba ana miaka mitatu. Ratiba ya namna hiyo hutungwa kwa ajili ya picha za wazazi. Mtoto wa umri huo anatosheka na mambo mawili kwa siku. Bahari iwe mojawapo, na saa ya kwenda baharini tuyaachie maji yenyewe yaichague.

Wageni wengi wakifika Bamburi wakakuta maji yamekupwa, bahari imerudi nyuma kabisa, husononeka. Wanaona wamefika siku mbaya. Mimi naona ndiyo siku bora kwa mtoto. Mawimbi makubwa yanavunjikia mwambani, mbali kule, na huku ndani yanabaki mabwawa madogo ya maji ya vuguvugu yasiyopita goti la mtoto. Humo mna kaa, mna kiti cha pweza, mna jongoo wa bahari na visamaki vinavyokimbilia chini ya jiwe kivuli chako kikipita. Wangu huchutama kwenye kidimbwi kimoja mpaka wasahau kuomba biskuti. Bahari iliyojaa haiwapi nafasi hiyo. Inawatisha, na mzazi anashinda akivuta mkono na kukemea.

Kujua saa zake si kazi ngumu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji kujaa na kukupwa kupita kawaida, na hapa Mombasa siku hizo maji hukupwa karibu saa nne asubuhi, yakajaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa takriban dakika 50. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka: asubuhi yamejaa, alasiri yamekupwa, ingawa hayarudi mbali kama siku za bamvua. Ukiwa na shaka muulize mvuvi yeyote ufukweni, atakwambia bila kuangalia saa.

Lakini maji yakianza kujaa, rudini nayo ufukweni. Hapo sitaki mzaha. Hayaji kwa mstari ulionyooka kutoka mbele. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu, na mtoto aliyesimama kwenye tuta la mchanga anajikuta amezungukwa. Mvishe viatu vya plastiki, maana kwenye miamba kuna miiba inayovunjikia ndani ya mguu. Viumbe waangaliwe, waachwe mahali pao. Sehemu kubwa ya maji ya Nyali na Bamburi imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1986. Na yale maboya ya mpira wa tairi yanayokodishwa, mtoto asipande peke yake hata bahari ikionekana imelala. Upepo wa nchi kavu ukivuma, unalisukuma boya nje kimya kimya.

Jambo la pili la siku litegemee hilo la kwanza. Maji yakiwa yamejaa asubuhi, nendeni Haller Park, kisha mteremke ufukweni alasiri. Hapo Haller Park palikuwa machimbo matupu ya kiwanda cha saruji. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje mpaka jangwa lile la mawe likawa msitu, na kivuli chake ni neema kwa mtoto mchanga. Wasimulieni habari ya Owen, kiboko mdogo aliyeokolewa baharini karibu na Malindi Desemba 2004, akaletwa hapo akafanya urafiki na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Kisa cha kweli, na viboko na kobe wengine wamo bustanini, watoto wawatazame.

Fort Jesus naipenda sana, na ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 haitakimbia. Ila jua la mchana likipiga zile kuta za matumbawe, mtoto wa miaka mitatu hafaidi kitu zaidi ya mizinga. Mngojeni afike darasa la tatu.

Kama nguvu zimebaki, jioni iwe Mama Ngina. Hakuna kiingilio, mibuyu ipo, na meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita karibu hivi kwamba watoto huwapungia mabaharia mikono. Madafu, viazi karai, mihogo ya kukaanga (pilipili iwekwe kando), mkishiba mrudi nyumbani. Feri nayo mtu wa miguu halipi, lakini msiende saa ya watu kutoka kazini, na mtoto abebwe.

Kinachoniuma ni ufukwe wenyewe wa umma. Familia isiyo na fedha ya hoteli haina pengine pa kwenda, na ndiyo inayokosa kivuli cha kumlaza mtoto, bomba la kumsuuzia chumvi, na choo ambacho mama anaweza kuingia na mtoto wa kike bila kuziba pua. Haya si anasa. Mabanda machache ya makuti, mabomba ya maji baridi, vyoo vinavyosafishwa mchana kutwa siku za sikukuu, na pale pa kuingilia ubao mkubwa wa Kiswahili unaoandikwa upya kila asubuhi: leo maji yanakupwa saa ngapi, na yanaanza kujaa saa ngapi.