Wanawe wa kike walikwenda wapi?

Kahawa ni mbwa wangu wa ulinzi, hapa Maweni, Malindi. Mwaka jana alizaa sita. Madume wawili hawakumaliza hata kuachishwa ziwa, watu walishaweka oda. Majike wanne nilizunguka nao mtaa mzima, na kila mlango swali lilikuwa moja: "Huna dume?" Mmoja alichukuliwa na soja wa nyumba ya Mtaliano kule Casuarina. Mmoja aliharisha akafa. Wawili wa mwisho nilimpa kijana mmoja aliyesema amewapatia makao, nami nikamwamini kwa kuwa ilinifaa kuamini. Baada ya mwezi nikamwona mmoja jaani. Nilimjua kwa mguu wake mmoja mweupe, kama aliyekanyaga chokaa.

Nimeamua Kahawa afungwe kizazi.

Ami yangu hataki. Yeye ni mtu wa dini, mbwa akimramba huosha mara saba, moja kwa mchanga, lakini hajawahi kunilaumu kufuga wa kulinda. "Mwanangu, Mungu kampa kizazi, wewe unakitoa kwa nini?" Nikamwambia, "Ami, na wale wa jaani niliwatoa mimi." Akanyamaza, akaomba kahawa. Ya kunywa.

Kwa hesabu tu: jike hupata joto, yaani hutaka dume, karibu mara mbili kwa mwaka, na mimba ni siku 63 hivi. Wakati wa joto madume hukesha getini kwangu wakipigana, na kichaa cha mbwa husambaa kwa kung'atana hivyohivyo. Lipo pia jambo ambalo sikulijua: jike asiyefungwa, akizeeka, mfuko wa uzazi unaweza kujaa usaha wiki chache baada ya joto. Huko ni kukimbizana na kifo. Saratani ya matiti nayo hupungua sana akifungwa mapema, kabla ya joto la kwanza au la pili. Kwa Kahawa hilo limeshapita, kosa langu.

Jirani alinishauri nimchome sindano ya kuzuia joto, rahisi, hakuna kisu. Sitaki. Homoni hizo huongeza hatari ya usaha uleule.

Sisemi upasuaji ni mchezo. Ni nusu kaputi na tumbo kufunguliwa, kisha siku kumi hadi kumi na nne za kumzuia asirukeruke wala kulamba mshono, na kwa joto letu hili la pwani vidonda vinataka kuangaliwa. Wengine hunenepa. Wengine, hasa wenye miili mikubwa, huja kuvuja mkojo baadaye. Hili la mkojo ndilo lililonisumbua usingizi zaidi, nasema kweli. Ila lile la mtaani kwamba ataacha kulinda, hapana; Kahawa alibweka wageni tangu hajapata joto lake la kwanza.

Daktari wa mifugo amesema tungoje. Kahawa ametoka kwenye joto juzi tu, mishipa ya damu huko ndani bado imejaa, afadhali ipite miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo nimeziba tundu la ukuta na geti linafungwa mapema.

Jana ami alipita, akamtazama Kahawa kwa mbali, akauliza siku ya upasuaji tutampeleka na nini. Nikasema tuktuk, kama dereva atakubali. Akasema anamjua mmoja asiyeogopa mbwa.