Robo kilo ya jelatini

Naandika hii nimejifungia chumbani, kwa sababu pale barazani kuna mtoto kaletwa na bajaji kutoka Mikindani, kashika hotpoti nyekundu, katumwa na shangazi yangu na anasema haondoki bila majibu. Hiyo hotpoti ni yangu. Nilivyoiona tu moyo ukafanya paa.

Ili muelewe kwa nini mtu mzima na akili zake anamkimbia mtoto wa darasa la nne, inabidi nirudi nyuma wiki kama tatu hivi.

Sisi nyumbani ni Magomeni hapa Mtwara mjini ila mjomba ana mikorosho yake upande wa Naliendele, na msimu ukifika kazi ni ile ile, unaokota bibo, lile tunda la mkorosho, unanyonga korosho unatia kwenye gunia, bibo unatupa. Jioni ukiangalia chini ya mkorosho pana zulia la mabibo mekundu kwa ya njano, nzi wamejaa kama wamealikwa, na mi kila mwaka roho inaniuma, tunda lina vitamini C kuliko chungwa halafu tunalikanyaga na kandambili. Wanaolijua thamani yake ni wapika uraka tu, ile pombe ya mabibo. Sasa mwaka huu saa sita usiku usingizi hauji, nikakutana na video, dada mmoja wa nje huko anatengeneza pipi za jeli jikoni kwake, juisi, sukari, jelatini (ule unga wa kugandishia), anakoroga anamimina kwenye vikopo, anazitoa zinang'aa kama vioo. Nikasema haya, hii ndo dawa ya mabibo.

Ningenyamaza hapo pasingekuwa na shida. Lakini asubuhi nikampigia shangazi. Mtoto wake wa mwisho alikuwa jandoni, na shughuli ya kumpokea imepangwa shule zikishafungwa mwezi wa 12, maturubai, ngoma, pilau la ng'ombe mzima, nikajikuta nasema shangazi, pipi za watoto niachie mimi. Akafurahi mpaka akaniombea dua kwenye simu. Mtu akishakuombea dua huwezi tena kughairi.

Jelatini yenyewe kuipata ni kisa. Nilizunguka sokoni nusu siku, duka moja wakanitolea ule unga wa juisi, duka la pili wakanipa hamira, la tatu yule baba akafikiri sana, akaingia ndani, akatoka na gundi ya viatu. Nikamwambia asante baba. Mwisho nikaagiza Dar kwa rafiki yangu, robo kilo, iletwe na basi.

Ilipofika mama akaivamia kabla yangu.

"Hii imetokana na nini?"

"Ngozi na mifupa, mama. Wanachemsha mpaka ule uteute unatoka, wanakausha, wanasaga."

"Ngozi ya nani?"

Swali la msingi, maana zipo za nguruwe nyingi tu. Nikamwonyesha paketi imeandikwa ng'ombe na alama ya halali. Hakutosheka, akavaa miwani, akaigeuza juu chini, yale maandishi ya Kiarabu akayasoma herufi kwa herufi kama anasahihisha mtihani wa madrasa. Akaiweka mezani.

"Ngozi na mifupa ikichemshwa inatoka gundi, mwanangu. Babu yako alikuwa seremala. Hicho kiti ulichokalia kimegandishwa na hiyo hiyo."

Nikacheka. Naomba hiyo sentensi muishike.

Sasa kabla mzigo haujafika mi nilishajifanya hodari, nimekamua juisi ya mabibo ndoo nzima tangu Alhamisi, nikijua Ijumaa mzigo upo. Mzigo umekuja Jumapili. Friji haina nafasi, mama kajaza samaki, ndoo ikabaki kona ya jiko na joto la hapa mnalijua. Jumamosi nikaona povu. Jumapili ndoo ikawa inaongea yenyewe, inatoa ka sauti tsss, na harufu imevuka ukuta imeenda kwa jirani na kwa jirani wa jirani. Magharibi hiyo hiyo akaja babu mmoja wa mtaa wa nyuma, kofia kichwani, kikombe chake cha bati mkononi, akapiga hodi kistaarabu kabisa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimesikia mmefungua."

Tumefungua nini sasa! Mama alitoka huko ndani kama kimbunga. "Uraka? Kwangu? Nyumba inayosomwa maulidi kila mwaka?" Nikaanza kueleza mambo ya pipi, jelatini, video, babu ananisikiliza kwa huruma anatikisa kichwa, naona kabisa haamini hata neno moja, anaona ni binti anajitetea mbele ya mama yake. Mama akaamuru ndoo itoke ikamwagwe. Babu akajitolea kwenda kuimwaga yeye mwenyewe, tusisumbuke. Ndoo ilirudi kesho yake imeoshwa inang'aa, na salamu.

Nikakamua upya, safari hii nusu lita tu na nikaipika saa ile ile. Jelatini gramu 80, nikainyunyizia kwenye juisi kidogo ya baridi ivimbe dakika 10, nikapasha juisi iliyobaki na sukari isichemke, nikachanganya. Mpaka hapo kila kitu kama video. Nikakoroga. Ikakatika.

Yaani imekatika kama maziwa yaliyoingia ndimu. Mabonge mabonge ya kahawia yanazama chini, yanavutika kama kamasi (samahanini kwa mnaokula), na juu imebaki juisi nyeupe safi. Nikadhani labda joto, nikadhani sufuria chafu, nikadhani mtu kanifanyia. Baadaye nimekuja kuuliza dada mmoja anayesindika matunda ndo akanieleza huku anacheka. Ule ukakasi wa bibo, ile inayokukaba koo na kukausha ulimi, ni tanini, na tanini ikikutana na jelatini wanakumbatiana wanazama wote. Tena wanaotengeneza juisi ya mabibo wanatia jelatini kidogo makusudi kabisa, ili ibebe ukakasi iende nao chini, wachuje. Kwa maana hiyo mi niliyetaka pipi nilikuwa nimetengeneza juisi ya daraja la kwanza na sikujua, nikaimwaga yote kwenye mgomba. Halafu lile bonge halikuachia sufuria siku mbili.

Nanasi sitaliongelea sana. Gramu 50, nanasi bichi tamu la kusagwa, nikaweka kwenye friji kati ya samaki wawili aina ya changu, asubuhi maji. Nikaacha mpaka jioni, maji. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokula jelatini, kile kile kinachokuwasha ulimi ukilizidisha, na papai bichi nalo tabia hiyo hiyo ndo maana watu wanalainishia nyama. Ukilichemsha kwanza kinakufa na linaganda vizuri. Mi nilijua hilo baada ya kunywa pipi kwa kikombe.

Imebaki gramu 120, shughuli kesho kutwa, na shangazi keshatangaza Mikindani nzima kuna pipi za kisasa zinatoka mjini. Nikaenda na embe. Embe dodo limeiva, nikalisaga, nikachuja nyuzi zote, nikalichemsha kabisa lisinifanyie ya nanasi, nikaacha lipoe kidogo, nusu lita kwa gramu 100, sukari, ndimu kidogo. Sina zile trei za maumbo ya dubu, nikatumia trei za barafu za majirani wanne, vifuniko vya chupa na vijiko vya dawa ya watoto, vyote nimevipaka mafuta kwa pamba.

Ziliganda jamani. Nilibonyeza moja ikarudi. Nikaitupa sakafuni ikadunda! Nikamwamsha mama saa kumi na moja asubuhi aje aone pipi inadunda. Akaonja, akatafuna muda mrefu sana, akasema "tamu," akanyamaza, akasema "ina kasamaki kwa mbali." Sikuskia sehemu ya pili.

Siku ya shughuli nikazipanga kwenye hotpoti yangu nyekundu ile ndogo, maana hotpoti inatunza joto na inatunza baridi pia, hiyo ni sayansi, nikapanda bajaji mpaka Mikindani na nilipofungua kuchungulia zilikuwa nzima, zimekaa kama madini. Nikafika uwanjani nikamkabidhi shangazi mkubwa aliyekuwa anasimamia jiko. Nikamwambia shangazi nitunzie hii. Akauliza, "Cha kuliwa?" Nikasema ndiyo. Akasema "hamna shida mwanangu", na mi ngoma inanivuta huko nje vijana wameshaanza kutolewa, wamevaa vipya, akina mama wanapiga vigelegele, nikakimbia.

Mniambie ukweli, ukimpa mpishi wa Kusini hotpoti ukamwambia ni chakula, ataiweka wapi? Ataiweka karibu na makaa ili isipoe. Na ndo alichofanya kwa roho safi kabisa, kaiegesha na masufuria ya pilau, na kila akipita anafungua kidogo kuangalia kama bado ya moto. Jelatini ikipita nyuzi 30 na kitu inaanza kulegea, ndo sababu pipi inayeyukia mdomoni, na mwezi wa 12 huku hata bila makaa hali ya hewa yenyewe inatosha.

Mi nacheza tu huko, sina habari. Masinia yakaanza kutoka. Nikamwona mgawaji anapita kwenye mkeka wa wazee kashika hotpoti nyekundu na upawa, anachota kitu cha rangi ya machungwa, kizito, kinang'aa, anamwagia juu ya pilau. Nikawa najiuliza hotpoti kama yangu hiyo. Kisha nikakiona kile kifuniko nilichokifunga na utepe wa kijani.

"ACHARI YA EMBE HIYO," mgawaji anatangaza. "Imetoka mjini!"

Nikasimama katikati ya ngoma kama nguzo ya umeme. Kupiga kelele siwezi, ni wazee, kumi na wawili, masinia matatu, wamo na wageni kutoka Newala. Nikawaangalia wanakula. Mmoja akatulia, akatafuna. Akasema, "Achari hii tamu. Ila kaisahau chumvi." Mwenzake akasema za mjini ndo zilivyo, hawali chumvi, presha. Wakaendelea. Wakaomba nyongeza!

Nikaanza kupata amani mpaka walipomaliza, maana huku tunakula na mkono na upepo wa bahari ulikuwa unapiga pale. Jelatini ikipigwa na upepo inafanya nini? Inarudi kazini kwake. Mzee wa kwanza kabla maji ya kunawa hayajamfikia akakuta vidole vimeshikana. Wa pili kashikana na sinia. Na kuna mzee wa heshima sana, ndevu zake kazipaka hina vizuri, katika kula alijifuta mdomo na kiganja, sasa ndevu zimekauka zimesimama upande mmoja zimeelekea baharini, na anazungumza na watu kwa busara zake zote hajui lolote. Mtoto mdogo akaja akamwangalia akaanza kulia.

Mama alikuwa kwenye kiti pembeni ya mkeka wa pili. Hakusema neno. Alinitazama tu, akakigonga kiti alichokalia mara mbili na kidole.

Ikabidi yachemshwe maji ya moto, bahati nzuri inatoka kwa maji ya moto tu, yakapitishwa mabeseni mkeka mzima na mi ndo mbeba beseni, nimeinamisha kichwa, kila ninayemnawisha namwambia shikamoo samahani, na wao hawajui samahani ya nini. Wale watoto hawakuona pipi hata moja. Niliondoka bila kuaga, hotpoti nikaiacha huko huko, na simu ya shangazi tangu siku hiyo sipokei.

Ndo huyu mtoto sasa kaja nayo. Mama amechoka kumwona pale barazani kamwita ndani kampa chai, na mi nasikia kupitia mlango anaulizwa shangazi kasemaje. Mtoto anasema kwa sauti ya kukariri: shangazi anasalimia sana, anasema dada yake wa Naumbu ana hitima Jumamosi, na wazee wameulizia ile achari, kwa hiyo ijazwe hotpoti hii, na hii hapa elfu kumi ya kuanzia.

Kimya. Halafu nikamskia mama anasema, "Lete hapa hiyo hela," na hatua zake zinakuja kwenye mlango wangu.

Jelatini imebaki vijiko viwili.